Sarafu Saba

Kemunto alinipigia kabla hakujapambazuka,
ndoo ya deki ingali mkononi:
"Yule wako wa buluu anajikuna kwenye jiwe
kama ng'ombe mwenye kupe. Njoo."

Nikatoka Pangani kwa miguu, Julai ikining'ata masikio.
Begini: tochi, kipimajoto,
na ile chupa ya dawa
niliyoiamini kuliko macho yangu.

Kliniki ya meno, Ngara, ghorofa ya pili.
Kati ya viti vya wagonjwa na picha ya gego lililooza
ipo bahari, lita mia tatu na hamsini.
Nimeikoroga mwenyewe kwa mwiko wa ugali:
maji ya mfereji yaliyolala siku mbili yatoke klorini,
chumvi ya gunia, gramu thelathini na tano kwa kila lita.
Mawimbi yake pampu. Mwezi wake taa ya ofisi.
Umeme ukikatika, inapoa kama chai iliyosahauliwa.

Kitatange hasemi panapouma.
Hana mkono wa kushikia shavu
kama hawa wanaosubiri vitini.

Nikahesabu matamvua kwa saa ya ukutani:
mia na thelathini kwa dakika.
Mapezi ameyabana. Ubavuni utando wa kijivu,
vumbi la chaki kwenye koti la mwalimu.
Nikamtupia kipande cha kamba, akakiacha kipite.
Nikasema, kwa sauti ya mwenye kujua:
vimelea. Dawa yake shaba.
Nikafungua kizibo.

"Na konokono?" Kemunto akauliza.
Konokono gani?
"Watatu. Nimewaokota tangu Jumatatu, nikawatupa.
Nilidhani wanakufa kwa zamu zao."

Mkono ukanifia hewani.
Kimelea cha ngozi ya samaki hakina habari na konokono.
Anayeanza na konokono ni mwingine,
na jina lake nilikuwa nimelishika, limeandikwa kwenye chupa.

Nikavua shati, nikazamisha mkono hadi kwapani,
nikapapasa nyuma ya jiwe, chini ya bomba la chujio.
Sarafu za kumi kumi. Saba.
Zimeota kijani kama mkate wa wiki jana.

Kemunto akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Ni watoto. Kabla hawajaitwa ndani
huja hapa kumnong'oneza.
Yule Wekulo wa jino la mbele aliniambia:
nimemlipa aogope badala yangu."

Basi dawa ikawa kutotia dawa.
Kila asubuhi ndoo nne nje, ndoo nne ndani,
zimepashwa joto, zimepimwa chumvi;
na makaa, si ya jiko, ya chujio,
yanayoinywa sumu kimyakimya.
Usiku wa tatu umeme ukaenda.
Daktari Hirani, mng'oaji asiyekunja uso,
akaja na blanketi la mama yake, akakifunga kioo,
tukapokezana kikombe: kuteka, kuinua, kumimina,
maji yapate hewa,
hadi saa tisa na robo, friji ilipoguna.

Siku ya sita alikichukua kipande cha kamba,
akakitema, akakifikiria, akakichukua tena.
Matamvua themanini na nne.
Jicho la kushoto lina ukungu bado; sijui.
Sikumwahidi mtu jicho.

Siku hizi juu ya kaunta pana mkebe wa maziwa ya unga
wenye tundu lililotobolewa kwa kisu,
na mwandiko wa Kemunto: MLIPE HAPA.
Unalia chwa, chwa, siku za Jumamosi hasa.

Zile saba nilitia mfukoni.
Jana muuza chai akaigeuza moja, akanirudishia:
"Hii imeoza, bwana."
Nikamwambia haijaoza.
Ilikuwa kazini.